Mguu Uliokwama Idara ya Mipango

Mmeniganda kama gundi. Kila mkiniona: andika bibi, andika habari za mdogo wako, wewe ndiye unayezijua. Ninyi mliosoma mpaka mkavaa miwani mmekaa, mimi niliyeishia kujua herufi na kusoma mabango ya njiani ndiye nakamatishwa kalamu. Haya, nimeishika. Nimekubali kwa sababu moja tu: kila anayeisimulia habari hii anaivuruga. Mmoja anasema mdogo wangu alifukuzwa kazi, mwingine anasema alipandishwa cheo, na wote wawili ukiwabana wanaanza kutazama juu. Basi nitaisema ilivyokuwa. Na mwishoni nina langu la kuwadai, msije mkajifanya mna haraka.

Mdogo wangu, tumbo moja, mimi wa kwanza yeye wa mwisho, watu humwita Fundi. Hata mkewe humwita Fundi. Kazi yake ni kutengeneza miguu. Si ya meza wala ya vitanda. Miguu ya watu, kwa wale ambao ule wa kuzaliwa nao umekatwa. Karakana yao ni ya serikali, iko nyuma ya hospitali, jengo refu jembamba la paa la bati, na ukiingia tu pua inakuambia uko wapi: plasta mbichi, gundi ya moto, ngozi, na vumbi la mbao lililotua juu ya kila kitu, hata juu ya chai. Katikati ya jengo zilisimikwa reli mbili za bomba, kutoka ukuta hadi ukuta, mtu azishike kushoto na kulia anapojifunza kutembea upya.

Tangu Fundi aingie pale akiwa bado ana nywele kichwani, kazi ilikuwa na desturi yake. Aliyekupima ndiye aliyekutengenezea. Ukija na kigutu chako, fundi anakizungushia bendeji za plasta, zile wanazofungiwa waliovunjika mfupa, anasubiri zikauke, anazivua zikiwa na umbo lake kama soksi ngumu. Ndani ya soksi hiyo anamimina plasta nyingine, nayo ikiganda anapata kigutu cha kuweka mezani. Hicho ndicho anachokichonga, kidogo huku, kidogo kule, kisha mguu unajengwa juu yake. Halafu yuleyule aliyekupima anakuvalisha, anatembea nawe kwenye reli, anakusindikiza mpaka getini na kurudi. Ukikunja uso njiani, anaona kwa macho yake alipokosea.

Mafundi walikuwa wawili. Wa pili walimwita Gumba, kwa namna yake ya kazi: plasta ikiwa bado laini, yeye hubonyeza kwa madole gumba pale ambapo mfupa utaegemea, anabonyeza mpaka mtu anaguna. Plasta ya Gumba ikikauka tayari ina mabonde yake. Fundi hakufanya hivyo. Yeye aliizungusha plasta polepole kama anayembeba mtoto mgongoni, haibonyezi hata kidogo, mabonde yote akaja kuyachonga mezani kwa kisu na tupa. Njia mbili, na miguu yote ilitembea. Walikaa meza jirani miaka na miaka, kila mmoja anakijua hata kikohozi cha mwenzake, lakini hakuna aliyewahi kuchonga plasta ya mwenzake. Ya nini? Kila mtu alikuwa na wake.

Wa tatu ni mama mmoja mnene, mcheshi, anayeshona mikanda ya ngozi. Huyo wakubwa kwa wadogo humwita Shangazi. Na juu yao Mkurugenzi, mtu mwembamba mwenye adabu, anayeomba samahani hata akipishana na kiti. Ongeza mlinzi wa getini, hesabu imekwisha. Hiyo ndiyo taasisi nzima.

Ndipo ikaja sheria.

Sitasema ilitungwa na wapumbavu. Fundi mwenyewe aliisikia redioni, kwangu, akapiga meza mpaka kikombe kikaruka: "Safi kabisa!" Maana ofisi za serikali zilikuwa kila moja na umbo lake. Hii ina manaibu wengi kuliko wafanyakazi, ile mkuu ndiye huyohuyo anayechemsha chai. Mwananchi anafika na shida yake hajui aanzie mlango upi. Bunge likasema basi, kila taasisi, kubwa kwa ndogo, iwe na muundo mmoja. Mkurugenzi juu, chini yake idara nne: Mipango, Huduma kwa Wateja, Uzalishaji na Ubora. Kila idara na mkuu wake. Na idara moja isiguse kazi ya nyingine, ili lawama ikija ijulikane inalala mlango gani. Kwa shirika la umeme lenye watu wa kujaza uwanja wa mpira, nguo hiyo ilikaa vizuri. Kwa karakana ya mdogo wangu ilikuwa suruali ya baba kavishwa mtoto anayetambaa.

Mkurugenzi aliwaita wote, akabandika ukutani mchoro wa visanduku na mistari. Visanduku vilikuwa vingi kuliko watu waliokuwa wakivitazama.

"Gumba, wewe Huduma kwa Wateja. Utawapokea watu na kuwapima. Fundi, wewe Uzalishaji. Shangazi, Ubora, utawavalisha na kuwatembeza."

"Na Mipango?" Shangazi akauliza.

"Mipango itabaki wazi mpaka tuletewe mtu."

"Kwa hiyo hapa wote ni wakuu," Gumba akasema. "Tunamwongoza nani?"

"Si yupo mlinzi," Shangazi akajibu, wakacheka.

Mkurugenzi hakucheka. "Jamani, nawaombeni. Wakaguzi watakuja. Taasisi isiyofuata muundo inaunganishwa na nyingine, na sisi tumepangiwa bohari ya hospitali. Mnataka kuchongea miguu kwenye rafu za sindano?"

Fundi akanyoosha mkono. "Bosi, mimi nikitengeneza mguu bila kumwona mwenye mguu, nitajuaje?"

"Utaletewa plasta."

"Plasta haisemi inapouma."

"Fundi, samahani sana. Sheria ndiyo hiyo."

Wiki ile ile wakaja maseremala, wakasimamisha kuta za mbao nyembamba, jengo likagawanyika vyumba kama treni. Ukuta mmoja ulipita katikati ya zile reli za kutembelea. Ikawa nusu ya reli iko kwa Shangazi, nusu iko kwa Fundi, na mtu anayejifunza kutembea anafika ukutani anageuka. Kati ya chumba na chumba wakatoboa kidirisha cha kupitishia vitu. Fundi alikaa siku nzima akikitazama kile kidirisha kama mtu aliyekuja kumtembelea mfungwa, asijue mfungwa ni yupi.

Sasa sikilizeni habari ya Mama Mwiko, maana bila yeye haya yote yangekuwa manung'uniko ya kazini tu, kama ya watu wengine wote.

Mama Mwiko ni mpishi wa shule, anakoroga sufuria ambayo mimi nikiingia nazama. Mguu wake wa kushoto uliishia chini ya goti tangu utotoni, na miguu yote aliyowahi kuvaa ilitoka mikononi mwa Fundi. Wakati wa likizo mguu wake ulipasuka akiwa anashusha gunia. Mwalimu mkuu akamwambia mbele ya watu: siku ya kufungua shule ukiwa umesimama, jiko ni lako; usiposimama, watoto hawawezi kungoja, nitatafuta mwingine. Mama yule ana wajukuu wanaomtegemea, na zaidi ya hapo, ana jiko lake. Mnajua maana ya mwanamke kuwa na jiko lake mahali.

Akaenda karakana kwa magongo. Fundi akamsikia upande wa pili wa mbao, sauti ile ile ya kuita watoto uwanja mzima.

"Fundi! Upo?"

"Nipo, dada."

"Mbona huji kunipima?"

"Nimekuwa mkuu."

"Mkuu wa nini?"

"Wa huku."

"Toka huko bwana, acha mchezo, mguu wangu unaujua wewe!"

Fundi akasimama, akashika kitasa. Mkurugenzi alikuwa kwenye ukumbi mdogo wa mlangoni, alitikisa kichwa tu polepole kama anayemwomba mtu asiruke. Fundi akarudi kukaa. Akamsikia Gumba akiloweka bendeji, akamsikia Mama Mwiko akiguna: "Ah! Weee, unabonyeza embe?" Kisha plasta ikapita kidirishani ikiwa imefungwa kitambulisho, hakuna mtu nyuma yake.

Aliimimina, ikaganda, akaiweka mezani. Alikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira huachia mkono ufanye ulichozoea. Mkono ukachukua kisu ukachonga bonde chini ya goti, bonde pembeni mwa mfupa, kama ulivyochonga miaka yote. Akajenga mguu juu yake, akaupiga msasa mpaka ukang'aa, akaupitisha kidirisha cha pili kwenda kwa Shangazi.

Siku Mama Mwiko alipokuja kuuvaa, Fundi alikaa na sikio kwenye mbao. Mguu mzuri una sauti yake: ko, ko, ko, sawasawa. Huu ulikwenda ko, kimya, ko-ko. Akagonga kidirisha.

"Shangazi! Anakunja uso?"

"Anakunja."

"Muulize unabana wapi!"

Mama Mwiko akajibu mwenyewe: "Usinihangaikie. Kiatu kipya hubana. Shule inafunguliwa Jumatatu, utakuwa umeshalegea." Na kwa ukaidi ule akatoka, akatembea mpaka getini peke yake. Ingekuwa zamani, Fundi angekuwa ubavuni mwake, na asingefika hata kwenye ngazi kabla hajamwambia: kaa chini, vua.

Ijumaa akarudi kwa magongo, mguu kaubeba kwapani. Chini ya goti nyama ilikuwa imechubuka imekuwa nyekundu kama nyanya iliyokanyagwa. Shangazi alipitisha ule mguu kidirishani bila mzaha wowote, na kwa Shangazi hiyo ni habari mbaya tayari. Fundi akaingiza vidole ndani ya kikombe, pale kigutu kinapokaa. Akapapasa. Akasimama akichungulia juu ya ukuta wa mbao, amepanda kwenye kiti.

"Gumba! Ulibonyeza?"

"Nimebonyeza ndiyo."

"Ukabonyeza kama siku zote?"

"Kwani wananiita Gumba kwa nini? Kwa sababu ya uso wangu?"

Fundi akapapasa tena ndani ya kikombe. Mabonde yalikuwapo tayari kwenye plasta, naye kachonga mengine juu yake. Mguu ulikuwa umebanwa mara mbili, mara kwa dole la huyu, mara kwa kisu cha yule. Alijua kwamba Gumba hubonyeza. Kila mtu alijua. Mkono wake tu ndio haukujua.

"Umeniharibia plasta yangu," Gumba akasema kutoka chini.

"Na wewe umeniharibia mguu wangu!"

"Wako? Wako tangu lini, Mheshimiwa Uzalishaji?"

"Nyamazeni, makuku ninyi," Shangazi akapaza sauti. "Mguu ni wa huyu mama, na damu ni yake."

Fundi akashuka kitini, akaenda moja kwa moja kwa Mkurugenzi. "Bosi, kosa ni langu, silikatai. Niruhusu nimpime mwenyewe, nianze upya leo."

Mkurugenzi akauangalia mchoro ukutani. "Mguu uliorudishwa unapokelewa Huduma kwa Wateja, unathibitishwa Ubora, halafu Mipango wanaidhinisha utengenezwe upya."

"Mipango ni nani?"

"Hakuna mtu."

"Basi nitie saini mimi."

"Wewe Uzalishaji. Utakuwa umefanya kazi ya idara nyingine."

"Tia wewe."

"Mimi natia baada ya Mipango. Siwezi kutia kabla."

"Kwa hiyo huyu mama anamngoja mtu ambaye hajazaliwa!"

"Fundi, mimi silali. Unadhani nimependa? Wakaguzi wanaweza kuja siku yoyote. Nikikosea, hamna karakana, hamna mguu wa mtu yeyote."

Na hapo ndipo palipomuuma zaidi mdogo wangu. Alitafuta mtu wa kumkasirikia, akamkosa. Mkurugenzi alikuwa anaogopa kwa haki yake, Gumba alifanya kazi yake, Shangazi alifanya yake, hata ile sheria ukiisikia redioni unapiga meza. Alikuja kwangu jioni ile akatembea jikoni huku na huku mpaka nikamwambia akae, ananitia kizunguzungu. "Dada," akasema, "nimeukata mguu wa mtu mara ya pili." Nikamwambia aache maneno makubwa ale kwanza. Hakula.

Jumatatu shule ikafunguliwa. Kidonda hakijui Jumatatu. Mama Mwiko alikuwa kitandani, kigutu kimefungwa, na jikoni kwake mwanamke mwingine akakoroga sufuria.

Kidonda kilipokauka, Fundi hakumngoja Mipango. Alimwambia Mama Mwiko apitie mlango wangu wa nyuma Jumapili. Bendeji za plasta alizinunua duka la dawa kwa pesa yake, hakugusa hata uzi wa serikali. Akamkalisha kwenye kigoda changu, akazungusha plasta ile ya kwake ya polepole. Gumba naye akatokea, hajaalikwa na mtu, akasimama mlangoni na mikono nyuma.

"Umefuata nini?" Fundi akamuuliza.

"Nimekuja kumshikilia goti. Leo sibonyezi."

"Weka hayo madole mfukoni kwanza ndiyo uingie."

Wakacheka kidogo, cheko la watu waliokosana. Shangazi akaja na sindano zake. Sehemu ya chini ya mguu wake wa zamani, ule uliopasuka, ilikuwa nzima, kilichotakiwa ni kikombe kipya, na ngozi ya kukitengenezea haikuwapo. Fundi akazungusha macho nyumbani kwangu, yakaishia kwenye mkoba wa marehemu mume wangu unaoning'inia msumarini. Nikasema hapana. Mama Mwiko akatazama pembeni kwa heshima, na hiyo ndiyo iliyonishinda. Nikaushusha. Mikanda ikatoka kwenye viatu vyangu vya sherehe, ambavyo hata hivyo sherehe zenyewe siku hizi hakuna anayenialika. Fundi aliloweka ngozi ikalainika, akaivuta juu ya plasta, akaishona ikiwa mbichi, akaiacha ikauke ishike umbo. Mabonde alikuwa ameyachonga kwenye plasta mara moja tu, na kabla ya kila kichongo alikuwa akienda kushika goti la mwenyewe na kurudi mezani.

Siku ya kuvaa, Fundi na Mama Mwiko walitembea pamoja mpaka kwenye geti langu na kurudi. Ko, ko, ko. Fundi alisikiliza kwa kichwa kilichoinama, kisha akaketi kwenye ngazi na kujifuta uso kwa shati.

Mama Mwiko akaenda shuleni kwa mguu wake. Akasimama mlangoni mwa jiko. Mwalimu mkuu akamwambia, mama, umechelewa, nimeshampa mwenzako muhula huu wote, lakini sikutupi, nitakupa kazi. Akampa kiti na beseni, akate mboga. Hadi leo anakata mboga. Mguu wa kusimama, kazi ya kukaa. Fundi aliposikia aliondoka mezani bila kumaliza chai.

Na hata hivyo hakuponyoka. Mama Mwiko alikuwa akipita karakana kwenda shule, mlinzi akapaza sauti getini: "Mama! Mguu mpya! Umetoka idara gani huo?" Na wakaguzi walikuwa pale pale wanashuka garini. Wakauliza. Mkurugenzi ilibidi afanye kitu, na kumfukuza Fundi hakuweza, wala hakutaka. Akatafuta kwenye mchoro adhabu iliyomo, akaikuta ile nafasi wazi. Mdogo wangu akaondolewa kwenye meza yake, akawa Mkuu wa Idara ya Mipango.

Sasa ana kiti kinachozunguka, na hakuna kisu mezani kwake, hakuna tupa. Mguu ukirudishwa anauidhinisha palepale, hata chai haipoi. Kisha unapelekwa Uzalishaji utengenezwe. Na Uzalishaji hakuna mtu. Miguu imepangwa kwenye benchi lake la zamani, anaiona kupitia kidirisha, kila mmoja una kitambulisho cha mwenyewe. Wakaguzi walisifu karakana, wakasema muundo umekaa vizuri. Mkurugenzi ameandika barua kwa wakubwa kuomba mtu, na barua yenyewe, nimeambiwa, inashughulikiwa na idara ya mipango ya huko.

Ndiyo hivyo. Kafukuzwa? Hakufukuzwa. Kapandishwa? Mwone anavyotazama mikono yake akikaa hapa jikoni kwangu, halafu uniambie.

Sasa langu. Kila Jumapili watu wanakuja mlango wangu wa nyuma kwa magongo, nao wanazidi. Mkoba wa mume wangu umekwisha, viatu vyangu vimekwisha. Wewe uliyesoma mpaka hapa, inuka, angalia uvunguni mwa kitanda chako. Kuna kiatu cha ngozi hukivai, kuna mkanda umekukataa kiuno, kuna mkoba umekatika mshikio. Kilete. Sitaki salamu wala pole, nataka ngozi. Na mnaofahamiana na wabunge, siku wakipita kuomba kura, mshikeni mmoja mkono mmlete hapa akae kwenye kigoda changu atazame. Piteni nyuma. Msigonge sana, nasikia.